Shule Inayojua Kusubiri



Barua ya uhamisho ilinifikia Oktoba 2022, nikiwa ofisini Dodoma. Ilikuwa ya ukurasa mmoja: kituo kipya ni Tabora, nikaripoti ndani ya siku kumi na nne. Mtumishi wa umma anajua kwamba barua ya namna hiyo haina mjadala. Jioni niliiweka mezani, mke wangu akaisoma, akaikunja, akauliza neno moja tu: "Na shule?"

Hakuuliza habari ya nyumba wala mizigo. Nilijua anamuuliza nani. Tuna watoto watatu. Binti yetu mkubwa alikuwa Darasa la Tano, na huyo ni mtoto anayesoma popote utakapomweka. Mdogo alikuwa hajaanza hata awali. Wa kati, mvulana wa miaka minane, alikuwa Darasa la Pili, naye ana kigugumizi. Jina lake sitaliandika hapa. Linaanza na herufi inayomshinda, na katika maneno yote ya Kiswahili hakuna linalomtesa kama hilo. Mtu akimuuliza, "Unaitwa nani?" anadhani amemuuliza swali rahisi kuliko yote. Kumbe amempandisha mlima.

Naandika haya kwa sababu najua wazazi wengi katika parokia zetu huhamishwa: walimu, wauguzi, askari, makarani, hata wafanyabiashara wanaofuata soko. Kila Januari watoto wao husimama langoni mwa shule wasiyoijua. Naandika pia kwa ajili ya mafrateri, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Kwanza niungame kosa langu. Tulipotoka Songea kwenda Dodoma mwaka 2020, tulikuwa sehemu ya wimbi kubwa la watumishi waliohamia makao makuu. Uamuzi wa kuifanya Dodoma kuwa makao makuu ya nchi ulikuwa wa mwaka 1973, lakini msukumo wa kuhama kweli kweli ulikuja mwaka 2016, na miaka iliyofuata mji ulijaa wageni wenye kuuliza swali moja: shule nzuri ni ipi? Mimi nililijibu kwa macho. Niliona matokeo ya mitihani yaliyobandikwa ukutani, nikaona basi la shule, nikaona sare zilizopigwa pasi. Niliambiwa shule imeshika nafasi gani kimkoa. Nikalipa ada, nikarudi nyumbani nimeridhika kama mtu aliyenunua kiwanja chenye hati.

Sikuuliza swali hata moja kuhusu mtoto anayechelewa.

Shule ile ilikuwa ya mchepuo wa Kiingereza na ilikwenda mbio. Mwalimu anauliza, mikono inanyooka, jibu linatoka, swali linalofuata. Mtoto ambaye neno limemkwama kooni alirukwa. Akirukwa mara nyingi, ilidhaniwa hajui. Naye alipogundua kwamba akinyamaza kabisa hachekwi, akanyamaza. Hapo ndipo alipoonekana mkaidi.

Siku moja mke wangu alikuwa anamwogesha akaona alama za fimbo kwenye miguu. Nilikwenda shuleni. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alinieleza kwa utulivu: mtoto alikataa kuitikia salamu mbele ya wenzake. Nilimweleza kwamba hakukataa, alishindwa. Akasema, "Mzee, tukianza kumbembeleza mmoja, darasa zima litalegea." Kanuni za elimu nchini mwetu zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, tena visizidi vinne na viandikwe. Nilizijua kanuni hizo. Sikuzitaja. Nilikuwa nimelipa ada ya mwaka mzima, na ilikuwa mwezi wa Machi. Nikamwacha pale mpaka mwaka ukaisha, na mwaka uliofuata nikamwacha tena.

Kufikia katikati ya mwaka wa pili, mtoto alikuwa hasemi hata nyumbani. Akitaka maji alimnong'oneza dada yake, na dada yake akatuambia, "Anataka maji." Mnakumbuka katika kitabu cha Kutoka, Musa alimlalamikia Mungu kwamba kinywa chake ni kizito, na Mungu akampa Haruni awe msemaji wake. Nyumbani kwetu Haruni alikuwa msichana wa miaka kumi. Ndugu walitushauri mengi. Wengine walisema akatwe kimeo. Wengine walisema alitishwa akiwa mchanga. Daktari ndiye aliyetutuliza. Alituambia kwamba kigugumizi hakitokani na upungufu wa akili, kwamba huwapata wavulana zaidi ya wasichana, kwamba watoto wengi hupona wenyewe na wachache hubaki nacho, na kwamba msaada wa kwanza ni watu wa karibu wasimharakishe wala kummalizia maneno.

Kwa hiyo mke wangu alipouliza "Na shule?" alikuwa anauliza kama nitafanya tena nilichofanya.

Nilitangulia peke yangu kwa treni ya reli ya kati, nikapita Manyoni na Itigi, nikafika Tabora Novemba, miembe ikiwa imeanza kuangusha maembe barabarani. Nilipanga chumba, nikaanza kutembelea shule asubuhi kabla ya kazi. Kila nilipokwenda nilipokelewa ofisini, nikapewa kiti, nikaelezwa wastani wa ufaulu. Shule ya kwanza nilipotaja kigugumizi, mwalimu aliniambia, "Usijali, tutamnyoosha." Nilishukuru nikaondoka. Ya pili ilikuwa nzuri lakini mbali mno. Mtoto angeamka saa kumi na nusu alfajiri. Ya tatu ilikuwa na msalaba langoni, nami nikaingia nikiwa na moyo mwepesi. Walinikaribisha vizuri, wakanipa fomu, wakanipangia siku ya usaili wa mtoto mwezi wa Desemba.

Jumapili moja baada ya Misa nilimweleza habari hizi frateri aliyekuwa parokiani kwa mwaka wake wa kichungaji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Baba, huwa unakwenda saa ngapi?" Nikamjibu, asubuhi, ofisini. Akasema, "Nenda saa nne, watoto wakiwa kwenye uji. Omba ruhusa ofisini, kisha usikae ofisini. Simama chini ya mti, umtafute mtoto aliye peke yake. Tazama nani anamfuata." Aliniambia kwamba yeye mwenyewe aliingia seminari ndogo akitoka kijijini, hajui kutumia uma, na kilichomfanya abaki ni mwenzake mmoja aliyehamia kwenye meza yake bila kusema neno.

Nilifuata ushauri huo katika shule ya nne. Hii sikuwa nimeipanga. Ilikuwa shule ya serikali karibu na nilipopanga chumba, kuta zimechakaa, vyoo havitoshi. Mwongozo unataka darasa la msingi liwe na watoto 45. Pale nilihesabu madarasa yenye karibu mara mbili ya hao. Sitaki mtu asome hapa akadhani nasifia msongamano. Tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani wamekuja shuleni, na hilo ni jema, lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Nilisimama chini ya mwembe nikiwa karibu niondoke.

Wavulana walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi. Goli moja lilikuwa na kipa mwenye mguu mmoja mbovu, anasimama akiegemea fimbo. Nikaona jambo ambalo sikulielewa mara moja: goli lake lilikuwa jembamba kuliko la wenzake. Mawe mawili ya upande wake yalikuwa hatua tatu, ya upande wa pili hatua tano. Nilimuuliza mtoto mmoja kwa nini. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linawaka. "Huyu hawezi kuruka," akasema, akakimbilia mpira. Nilimwendea mwalimu wa zamu, nikamuuliza ni nani aliyeweka utaratibu ule. Hakuwa na habari nao. Watoto waliuweka wenyewe.

Nikawaza kwamba watoto hawajifunzi jambo kama hilo hewani. Wameona watu wazima wa mahali pale wakilifanya.

Desemba familia ilifika. Usaili katika shule ya msalaba ulikuwa wa kusoma kwa sauti, kisha maswali ya mdomo. Mwanangu alifika neno la tatu akakwama. Mwalimu alisubiri kidogo, akatazama saa, akatazama foleni ya wazazi nje, akachukua kitabu kwa upole. Baadaye aliniita pembeni. Hakuwa na ukali wowote. Alisema mtoto anaonekana ana akili, lakini shule ina kasi yake, na labda angefaa shule maalumu. Nilirudi na fomu yangu mkononi. Njiani mtoto hakulia. Alinishika kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka mitatu, na hicho ndicho kilichoniuma.

Wiki ya kwanza ya Januari nilimpeleka ile shule ya serikali. Mwalimu mkuu alikuwa mama wa makamo aliyevaa ushungi. Meza yake ilijaa madaftari ya uandikishaji, na nje kulikuwa na wazazi zaidi ya ishirini. Nilimpa barua ya uhamisho, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya maendeleo na namba ya mtoto ya PREM, ambayo bila hiyo shule mpya haiwezi kumpokea mwanafunzi kwenye mfumo. Alivisoma vyote, akaviweka kando. Kisha akasogeza kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaketi mbele ya mtoto.

"Karibu. Unaitwa nani?"

Nilifungua kinywa kumsaidia. Mama yule, bila kunitazama, akanyanyua kiganja kunizuia.

Akasubiri. Mtoto alifumba macho, kichwa kikatikisika, midomo ikashikana. Nje mtu alibisha hodi, hakuitikia. Sijui ilichukua muda gani. Mimi niliona kama Misa ya Mkesha wa Pasaka. Hakumwambia "polepole." Hakumwambia "vuta pumzi." Alimtazama tu, kwa uso wa mtu asiye na safari nyingine siku hiyo. Jina likatoka, lote, kwa sauti yake mwenyewe. Mama yule akalirudia kama anayelionja, akaliandika, akasema, "Jina zuri. Hapa utalisema wewe mwenyewe, sisi tuna muda."

Kisha akanigeukia mimi. "Baba, umezoea kumjibia, sivyo?"

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa nikiilaumu shule ya Dodoma kwa haraka yake, na nyumbani mimi ndiye niliyekuwa na haraka kuliko wote. Akianza sentensi, mimi niliimaliza. Niliita hiyo huruma. Kwa kweli nilikuwa siwezi kuvumilia kimya chake, hasa mbele za watu. Niliona haya. Ni vigumu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwanzo wake katika shule ile haukuwa wa miujiza. Darasani walikuwa wengi, wakibanana wanne kwa dawati. Wiki ya pili kuna watoto walimwiga akiongea, akarudi nyumbani bila kula. Nilipokwenda kueleza, mwalimu wa darasa alikuwa ameshajua. Hakuwachapa wale walioiga. Aliwaita, akawaambia wamfundishe wimbo wa shule. Hapo ndipo darasa zima lilipogundua kwamba mtoto huyu akiimba hagugumii hata kidogo. Mwalimu akagundua pia kwamba akisoma kwa pamoja na mwenzake, sauti mbili kwa mara moja, maneno hutiririka. Tangu hapo kusoma kwa sauti darasani kwao ni kwa wawili wawili, watoto wote, ili asionekane yeye peke yake ndiye anayesaidiwa. Huo ndio ujuzi wa mwalimu mwenye watoto zaidi ya themanini na chaki mkononi.

Mwezi wa Mei, tukiwa mezani, alianza kutusimulia jambo la mpira. Akakwama. Mimi, kwa mazoea, nikammalizia neno. Akanyamaza, akaweka kijiko chini, akasema, kwa shida lakini wazi: "Baba, usinimalizie." Mke wangu akainama kuficha uso. Nikamwomba msamaha mwanangu mbele ya dada yake na mdogo wake. Halafu tukasubiri, na habari ya mpira ikaisha yenyewe, ndefu kuliko ilivyostahili.

Nimefikiri mara nyingi Injili ya Marko inayosimulia jinsi mitume walivyobishana njiani ni nani aliye mkubwa. Bwana hakuwapa hotuba ndefu. Alimchukua mtoto, akamweka katikati yao, akamkumbatia, akasema anayempokea mtoto wa namna hiyo anampokea Yeye. Walikuwa wakizungumza habari za nafasi ya kwanza, kama mimi nilivyokuwa nikiuliza nafasi kimkoa. Hakumweka mtoto ukutani pamoja na matokeo. Alimweka katikati.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya kikristo, unatukumbusha wazazi kwamba sisi ndio waelimishaji wa kwanza na wakuu wa watoto wetu. Zamani nilidhani maneno hayo yanahusu kulipa ada kwa wakati. Sasa naelewa kwamba kazi ya kuchagua shule ni sehemu ya kulea, na ni lazima ianze kwa kumjua mtoto unayempeleka. Kama una watoto watatu na shule ni moja, mtazame yule aliye dhaifu kati yao. Shule itakayompokea huyo haitawashindwa wengine. Binti yetu alimalizia Darasa la Saba palepale, na sasa anasoma sekondari ya masista, anaendelea vizuri. Naleta jambo hili ili asiwepo wa kusema kwamba nina chuki na shule za Kanisa. Nimesoma humo, na Mungu akipenda wanangu watasoma humo.

Mzazi anayehama akiniomba ushauri, humwambia machache. Nenda wakati wa uji. Mtafute mtoto aliye peke yake. Uliza fimbo hushikwa na nani na kwa sababu gani. Uliza mtoto wa mwisho darasani hukaa dawati la wapi. Pima njia kwa miguu ya mtoto. Na siku ya kumpeleka, nyamaza, usimjibie, utazame mwalimu anafanya nini na kimya chake. Ukifika parokia mpya, jiandikishe jumuiya wiki ileile na umpeleke mtoto Utoto Mtakatifu, maana huko atapata sura mbili tatu atakazozikuta tena shuleni Jumatatu.

Na sasa ninyi mafrateri wetu. Wengi wenu mtakuwa mapadre, na baadhi yenu askofu atawapa shule za msingi za jimbo mzisimamie. Mtaketi nyuma ya meza. Kutakuwa na foleni, kutakuwa na matokeo ya kuyatetea mbele ya wazazi na deni la mishahara ya walimu. Ataingia baba mmoja mgeni wa mji, ameshika bahasha, na kando yake mtoto ambaye jina lake linachelewa kutoka. Mwenzenu mmoja alinifundisha mahali pa kusimama ili nione. Mama mmoja asiye wa imani yetu alinionyesha jinsi ya kupokea. Ombi langu ni dogo: siku hiyo tokeni nyuma ya meza, msitazame saa.

Mwanangu sasa yuko Darasa la Tano. Alifaulu upimaji wa Darasa la Nne kwa wastani wa kawaida, nasi tulifurahi. Kigugumizi bado anacho. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Muhula huu ameletwa mwanafunzi mgeni kutoka Kigoma, wamekaa dawati moja. Nilimuuliza jioni ya kwanza, mgeni anaitwa nani? Akaniambia hakumwambia siku ile, alikuwa anaona haya.

"Nitamuuliza tena kesho," akasema. Ilimchukua muda kulisema. Sikummalizia.